Soksi moja inakwama kisiginoni, nyingine inapwaya: kosa liko wapi?

*Shikamoo fundi. Nimefuma jozi tatu za soksi mwaka huu na hakuna hata moja inayovalika. Ninafuata maelekezo ya vitanzi 64 yenye kisigino cha safu fupi, yanayosemwa kuwa yanamfaa mtu mzima wa kawaida. Jozi ya kwanza niliifuma kwa sindano za milimita 2.25 ikakwama kisiginoni. Nikivuta kwa nguvu inapita, lakini inaniumiza juu ya mguu. Nikashauriwa nitumie sindano kubwa, nikachukua za milimita 3.25. Hiyo inapita bila shida, ila inajikunja chini ya unyayo, na nikivaa kiatu kisigino chake kinateleza mpaka uvunguni. Nimepima vitambaa vyote viwili: cha kwanza kina vitanzi 36 kwa sentimita 10, cha pili 28. Unyayo wangu una urefu wa sentimita 24.5, nami nilifuma urefu huo huo kamili. Mzunguko wake pale kwenye mapana ni sentimita 23. Mgongo wa mguu wangu umeinuka, hata viatu vya kamba hunisumbua. Jozi ya tatu nilimfumia mama kwa uzi wa pamba kwa sababu sufu inamwasha. Inamshuka, nami nimefikiria kupitisha uzi wa mpira mdomoni. Ana sukari na jioni miguu humvimba. Je, tatizo ni mikono yangu au ni maelekezo?*

Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa namba. Wengi huniandikia "soksi hazinikai", basi, nami nabaki kupiga ramli. Wewe umepima, kwa hiyo naweza kukujibu moja kwa moja: mikono yako haina kosa. Maelekezo nayo si mabaya sana, ila yamekuficha jambo moja, kwamba vitanzi 64 si saizi. Jozi zako tatu zina maradhi matatu tofauti, na ushauri wa sindano kubwa ulitibu moja kwa kuanzisha jingine.

Tuanze na hesabu, ni fupi. Kitambaa chako cha kwanza kina vitanzi 36 kwa sentimita 10, yaani 3.6 kwa kila sentimita. Gawa 64 kwa 3.6, unapata soksi yenye mzunguko wa sentimita 17.8. Cha pili kina 2.8 kwa sentimita, kwa hiyo 64 zile zile zinakupa 22.9. Maelekezo ni yale yale na idadi ya vitanzi ni ile ile, ila soksi zimepishana kwa sentimita 5 nzima. Mguu wako ni 23. Ya kwanza ni pungufu ya mguu kwa karibu robo, ndiyo maana inauma. Ya pili inalingana na mguu, na hapo ndipo wengi hushangaa: soksi iliyolingana na mguu ni soksi iliyopwaya.

Kwa nini ipwaye na vipimo vimelingana? Kwa sababu soksi haina kifungo wala mshipi. Kinachoishikilia ni ule uvutano wa kitambaa kilichotanuka kikitaka kurudi kilipokuwa. Kisipotanuka hakishiki chochote. Kila hatua kiatu kinaivuta kidogo, unyayo nao unateleza ndani yake, na jioni umebeba bonge la uzi chini ya vidole. Msuguano huo ndio unaoleta malengelenge, na ndio unaotoboa soksi mapema kuliko uchakavu wa kawaida.

Sasa chukua jozi yako ya pili, shika sehemu ya unyayo kwa mikono miwili, uivute kwa upana huku ukitazama urefu wake. Umeona inavyofupika? Kila kitanzi ni kipande cha uzi chenye urefu wake, na urefu huo hauongezeki. Miguu ya kitanzi ikitanuka kando, kimo chake kinapungua. Ndiyo kusema upana na urefu wa soksi ni vitu vinavyokopeshana. Soksi nyembamba mno itakuwa fupi pia hata kama mezani ulipima urefu ukatosha, na soksi isiyotanuka itabaki na urefu wake wote, kisha uliozidi utafute pa kujikunja. Yako ya pili ilifumwa sentimita 24.5 kamili kwa mguu wa 24.5, na haikutanuka kwa upana hata kidogo. Ingeacha kujikunja kwa sababu gani?

Kanuni ninayoitumia, na mafundi wengi wanaofuma sufu nyembamba huitumia, ni kupunguza asilimia 10 hivi kwenye mzunguko. Wako ni 23, toa sehemu ya kumi, inabaki 20.7. Hicho ndicho kipimo cha soksi ikiwa imelala mezani bila kuvutwa. Urefu nao upunguze kidogo, sentimita moja hadi moja na nusu. Kwako nitafuma 23.3 hivi kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya vidole.

Ukilenga 20.7 una njia mbili za halali. Ya kwanza ni kubaki na sindano za 2.25 na kitambaa chako kizito cha vitanzi 36, ukaongeza vitanzi: 20.7 mara 3.6 ni 74.5, kwa hiyo 76 ukitaka kugawanyika kwa nne. Soksi hiyo itadumu, hasa kisiginoni, lakini utaifuma siku nyingi, na kitambaa kilichobanwa hivyo ni kikaidi, hakitanuki kwa hiari. Ya pili ni kuchukua sindano za katikati, 2.5 au 2.75, utafute vitanzi 32 kwa sentimita 10. Hapo 20.7 mara 3.2 ni 66.2, chagua 64 au 68. Kwa mguu ulioinuka kama wako ningechukua 68, itakupa mzunguko wa sentimita 21.25. Mimi ningekwenda na njia hii ya pili. Kitambaa cha 28 kisahau kabisa kwa soksi za kuvaa na viatu ikiwa uzi ni mwembamba. Ni wavu, utatoboka kabla hujaizoea.

Hizo 32 usizichukue kwangu, zipate mikononi mwako. Fuma kipande cha majaribio kwa mzunguko, si kwa kwenda na kurudi. Wengi wetu tunapofuma upande wa nyuma mkono hulegea au hukaza kidogo bila kujijua, kwa hiyo kipande cha kwenda na kurudi kinakuambia habari za kitambaa kingine. Kisha kioshe utakavyoosha soksi, kikauke, ndipo uhesabu. Sufu iliyotibiwa isigandane hupenda kulegea na kurefuka ikilowa. Isiyotibiwa inaweza kujikusanya, na ukiichanganya na maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, magamba madogo ya nyuzi zake hukamatana yasiachiane tena. Nina soksi moja kabatini iliyokuwa ya mtu mzima. Nimeitunza, siku hizi inamwenea mwanasesere.

Tuje kwenye kisigino, maana hapa ndipo penye kiini cha shida yako. Umenipa urefu na mzunguko, ukaruka kipimo cha tatu ambacho maelekezo mengi hayakitaji. Simama, weka utepe chini kabisa ya kisigino kwa nyuma, uupandishe mshazari pande zote mbili mpaka ukutane pale mguu unapokunjika mbele ya kifundo. Hiyo ndiyo sehemu nene kuliko zote ambayo soksi lazima ipite. Kwa mguu wenye mzunguko wa 23 mimi hutarajia 31 au 32. Wako, kwa unavyoueleza, sitashangaa ukifika 33 au zaidi. Soksi yako ya kwanza ya 17.8 ilitakiwa itanuke karibu mara mbili ili ipite hapo. Ilikuwa na haki ya kukataa.

Lakini kabla ya kuilaumu soksi nzima, jaribu mdomo wake peke yake. Ulaze kwenye rula, uuvute kwa mikono miwili mpaka mwisho. Kwa kisigino cha 33 mdomo uliokunjwa bapa lazima ufunguke hadi sentimita 16.5. Mdomo ukigoma kwenye 13 na kitambaa cha chini yake bado kinaendelea kutanuka, basi kilichokukwamisha ni namna ulivyoanzisha vitanzi. Wengi hushauriwa waanzishe kwa sindano kubwa zaidi. Haisaidii sana: sindano kubwa inarefusha vitanzi kwenda juu, lakini uzi unaopita chini kutoka kitanzi hadi kitanzi unabaki mfupi ule ule, na huo ndio unaokaba. Tumia sindano yako ya kawaida, ila kila ukianzisha kitanzi weka ncha ya kidole mbele yake kabla ya kukaza kinachofuata, ili kati yao ibaki nafasi ya milimita mbili au tatu. Utaona pindo kama limelegea vibaya. Liache. Mistari ya mbili mbele mbili nyuma, yaani vitanzi viwili vya mbele vikifuatwa na viwili vya nyuma, italikusanya.

Sasa, kwa nini kisigino cha jozi ya pili kiliteleza uvunguni ilhali soksi ilipita vizuri? Kupwaya ni sababu moja. Nyingine ni hicho kisigino cha safu fupi, yaani cha safu zinazogeuzwa kabla hazijafika mwisho. Kinafanya kifuko kidogo nadhifu, hakina vitanzi vya kuokota, na kwa mguu wa mgongo wa chini kinakaa vyema sana. Ila kinaizunguka nyama ya kisigino tu. Hakiongezi kitambaa juu ya mguu. Mgongo wa mguu wako umeinuka na unadai kitambaa, na usipopewa unajichukulia pa karibu, yaani unavuta kile kifuko kije mbele chini ya unyayo. Unaweza kuvuta soksi juu mara kumi kwa siku, utakuwa unashindana na mfupa.

Kwako nashauri kisigino cha kipande bapa, kile unachofuma kwenda na kurudi kwa nusu ya vitanzi nyuma ya mguu, ukageuza chini ya kisigino, kisha ukaokota vitanzi kando zake na kuvipunguza kidogo kidogo mpaka urudi kwenye idadi ya mwanzo. Zile pembetatu mbili za ubavuni ndizo akiba ambayo mguu wako unaidai. Kwa vitanzi 68, nusu ni 34, na desturi ni kufuma safu 34, ukivusha kitanzi cha kwanza cha kila safu bila kukifuma ili ukingo uwe safi. Utaokota 17 kila upande. Wewe fuma safu 40. Utaokota 20 kila upande, yaani vitanzi 6 zaidi kwa jumla, ambavyo kwa kitambaa cha 32 ni karibu sentimita 2 za ziada hasa pale zinapohitajika. Ukijaribu ukaona bado panabana, fumua mpaka hapo uongeze safu nyingine 4. Ukiona pamefanya mifuko kando ya kifundo, umezidisha.

Pembeni, kipande bapa kinapokutana na juu ya mguu, patatokea kitundu. Hutokea kwa kila mtu. Okota kitanzi kimoja cha ziada pale konani, na mzunguko unaofuata ukifume pamoja na jirani yake. Kisipoziba kabisa, sindano ya kushonea na uzi kidogo kwa ndani vinamaliza kazi.

Ukiwa na mzunguko sahihi na kisigino sahihi, ncha ya vidole haina maneno mengi. Ukipunguza vitanzi vinne kila mzunguko wa pili kutoka 68 mpaka 36, halafu kila mzunguko mpaka 16, utakuwa umefuma mizunguko 21 hivi. Kwa kitambaa chenye mizunguko 44 kwa sentimita 10 za urefu, hiyo ni sentimita 4.8. Toa hizo kwenye 23.3, unapata kwamba uanze kupunguza soksi ikifika 18.5 kutoka nyuma ya kisigino. Ukiivaa hapo ikiwa na sindano zake, ukingo utakuwa karibu na mzizi wa kidole kidogo. Hiyo kuivaa usiiruke. Soksi inajaribiwa mguuni mara mbili au tatu kabla haijaisha. Na pima miguu yote miwili, umesimama, jioni. Unyayo uliobeba uzito hurefuka na kutanuka, na jioni huwa mkubwa kuliko asubuhi. Miguu ya watu wengi hailingani. Fumia ule mkubwa.

Nimwendee mama. Uzi wa mpira mdomoni, tafadhali, usiuweke. Nakuelewa ulikotoka, soksi inashuka na mpira unazuia kushuka. Lakini mpira ule unakusanya nguvu zote kwenye duara moja jembamba, na mguu unaovimba jioni utalikuta duara hilo halijasogea. Soksi ikiacha mfereji kwenye ngozi unaoonekana muda mrefu baada ya kuivua, hiyo imeshabana kupita kiasi, awe na sukari au asiwe nayo.

Kinachomshushia soksi ni pamba yenyewe. Uzi wa sufu una mawimbi ya asili, ukiuvuta na kuuachia unarudi kama springi. Uzi wa pamba ukivutwa unakaa ulipovutiwa. Kwa hiyo mnyumbuko ambao nyuzi haziwezi kuutoa inabidi utoke kwenye ufumaji: fuma mistari ya mbili mbele mbili nyuma kuanzia mdomoni, shina lote, na juu ya mguu hadi karibu na vidole, ukiacha unyayo tu uwe laini. Mistari ile ni kama mikunjo ya sketi, hufunguka mguu unapovimba na hujikunja ukinywea, na shinikizo linatawanyika mguu mzima badala ya kukaba mahali pamoja. Bora zaidi ukipata uzi wa pamba uliochanganywa na nyuzi kidogo za kunyumbuka. Vipimo vyake vichukue jioni miguu ikiwa imevimba. Asubuhi soksi zitamlegea kidogo. Kwake yeye huo ndio upande salama wa kukosea. Ncha ya vidole iunge bapa, kitanzi kwa kitanzi, usiifunge kwa mshono wenye ukingo, na mikia ya uzi ifiche juu ya mguu, kamwe isiwe chini.

Mkia wa uzi nausisitiza kwa sababu sukari ya muda mrefu inaweza kufifisha hisia za miguu. Mimi na wewe tukikanyaga fundo tunavua kiatu papo hapo. Mtu aliyepoteza hisia atalikanyaga siku nzima, na jioni ni kidonda. Kila anapovua soksi mwangalieni unyayo na katikati ya vidole. Akiwa na kidonda kisichopona, ganzi au ngozi iliyobadilika rangi, muone daktari kabla ya kununua uzi mwingine. Huko kuvimba kwa jioni nako, kama hajawahi kukisema kliniki, akiseme. Kuna sababu nyingi, nyingine ni za moyo au figo, na hakuna fundi wa soksi anayeweza kuzitofautisha. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla, ukiuma au ukiwa wa moto, msisubiri tarehe ya kliniki, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi juu ya hayo, ni dharura. Na daktari akimwandikia soksi za kubana, hizo hutengenezwa kwa shinikizo maalumu na hupimwa na mtaalamu. Usijaribu kuziiga kwa mkono.

Kwako wewe, msaada wa ana kwa ana ninaoupendekeza ni mmoja. Ukifuma vipande viwili vya majaribio kwa sindano ile ile na uzi ule ule, siku mbili tofauti, vikapishana kwa zaidi ya vitanzi viwili kwa sentimita 10, tafuta mfumaji mzoefu ukae naye nusu saa afuate mikono yako kwa macho. Namna uzi unavyozungushwa kidoleni ni jambo ambalo maandishi hayawezi kulirekebisha.

Jozi ya kwanza mpe mwenye mguu wa mzunguko wa sentimita 20 hivi, itamkaa kama iliyofumwa kwa ajili yake. Ya pili fumua yote. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali panne, uloweke kwenye maji ya vuguvugu na uutundike ukauke ili mikunjo itoke, kisha anzisha vitanzi 68.